Nachechemea Mji Mzima na Miguu Yangu ni Mizima

Jina la msomaji huyu tunalo sisi, na halitatoka hapa. Msome hadi mwisho kabla hujamhukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, mama wa binti mmoja. Nashona sare za shule katika soko la Kakamega na nimepanga vyumba viwili mtaa wa Shieywe. Miguu yangu yote miwili ni mizima. Nimeanza na hilo kwa sababu mjini hapa hakuna mtu anayelijua, isipokuwa binti yangu.

Nilihamia hapa miaka miwili iliyopita kutoka Lugari, baada ya kumzika mume wangu. Niliuza mahindi ya msimu ule nikanunua pikapu kuukuu ya kubebea vitambaa. Ilikuwa ya mzee mmoja kiwete, na kwenye kioo cha mbele kilibaki kibandiko cha baraza la mji chenye picha ya kiti cha magurudumu. Kilikuwa kimegandia, sikukibandua. Kusema kweli, sikujaribu.

Karibu na lango la soko kuna nafasi moja tu iliyopigwa rangi ya njano kwa ajili ya walemavu. Siku yangu ya kwanza mvua ilinikuta na marobota ya vitambaa, magari yamejaa kila mahali, nikaegesha hapo. Akaja askari wa baraza, mzee mpole, mkononi mnyororo wa kufungia gurudumu.

"Mama, hii kibandiko ni ya mtu, si ya gari," akasema. "Huyo kiwete ako wapi?"

Ningeomba msamaha yangeisha. Lakini vitambaa vilikuwa vinalowa, na wachuuzi walikuwa wamenikodolea macho. Nikajibu, "Ni mimi," nikashuka nikichechemea.

"Pore, mama. Pore sana." Akanibebea robota hadi kibandani kwangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetimiza miaka miwili na bado naikanyaga. Jumapili ile nilipokwenda kanisani, nani alikuwa mlangoni akikaribisha watu? Askari yule yule, mzee wa kanisa. Ikabidi nichechemee kanisani, kisha posta, kisha shuleni kwa mtoto. Siku moja nilichechemea kwa mguu wa kulia badala ya wa kushoto, mama mmoja akaniuliza kama ugonjwa umehama. Tangu hapo natia punje ya mahindi ndani ya kiatu cha kushoto nisisahau. Binti yangu ana miaka tisa, na ndiye huniuliza tukitoka nyumbani, "Mama, umeweka mahindi?" Namlea mtoto katika uongo na najichukia kwa hilo.

Najua mtauliza kwa nini nisiegeshe kwingine. Nilijaribu. Askari alinifuata mpaka nilikoegesha akanirudisha. "Unajitesanga bure, mama. Yako nimekuwekea."

Sasa kuna mwalimu mmoja wa upande wa Mukumu, aliyepooza miguu tangu utotoni. Huja sokoni kila Jumamosi na gari lake dogo lililotengenezwa liendeshwe kwa mikono tu, halafu hutembea kwa magongo mawili. Mara ya kwanza aliponikuta kwenye nafasi ya njano, nilitaka kuondoa gari. Alikataa.

"Hapana, dada, ulitangulia. Sisi wenyewe tusipoheshimiana, nani atatuheshimu?"

Hiyo "sisi" ilinichoma. Akaenda kuegesha mbali, akarudi kwa magongo polepole katikati ya mikokoteni. Amefanya hivyo Jumamosi nyingi mno.

Mwezi uliopita, baada ya mvua, gongo lake liliteleza akaanguka mtaroni, unga wake ukamwagika. Nilimwona kutoka kibandani nikatoka mbio, mbio za kweli, hatua tatu au nne. Kisha nikakumbuka watu. Wasomaji, nilipunguza mwendo nikaanza kuchechemea, naye amelala majini. Wengine walimfikia kabla yangu. Nilipofika alinishika mkono. "Asante, dada. Na mguu wako huo umenijia mpaka huku." Nililia mbele ya watu, wakadhani namhurumia.

Mwisho wa mwezi ujao kanisa letu linaleta mhubiri wa kuombea wagonjwa. Askari, kwa moyo wake mwema, ameandikisha majina mawili, langu na la mwalimu. Mwalimu si wa kanisa letu. Nilidhani atakataa, nami nipate pa kutokea. Badala yake alikuja kibandani, akaketi, akaegemeza magongo ukutani.

"Mimi niliacha kuombea hii miguu nikiwa kijana," aliniambia. "Lakini tukienda wawili, dada, nitajaribu tena."

Siku hiyo nikitembea sawa, kanisa litapiga vigelegele, naye atabaki na magongo yake akijiuliza amemkosea Mungu nini. Nikichechemea, nitakuwa nimeidanganya madhabahu yenyewe, na Jumamosi ataendelea kunipisha. Nikisema kweli, baraza linaweza kunipeleka kortini na wateja wakanihama. Hayo nitayabeba. Ninaloogopa ni uso wake akijua ni nani aliyemfanya aombe tena.

Na juzi ameniletea kitambaa cha kijivu nimshonee suruali ya siku hiyo. Nilichukua futi nipime alivyoketi, kama fundi yeyote angefanya. Akanizuia.

"Pima urefu wa mtu aliyesimama wima, dada."

Kitambaa kiko mezani mpaka sasa, na kila asubuhi nashika mkasi nauweka chini. Ndugu zangu, nishaurini upesi. Nikikate, au nimrudishie, na nikimrudishia nimwambie nini?