Mipira ya Juu

Nikifungua kopo la mipira mipya ya tenisi, harufu yake hunirudisha uani kwetu Kibaha, ambako wavu wetu ulikuwa kanga zilizoanikwa kambani. Raketi nzuri ilikuwa moja, hivyo mshindi ndiye angekwenda kucheza Kisarawe. Dada aliniinulia mipira juu kabisa. Kila mara nilirudi kinyumenyume, nikaupiga hewani, nikaukosa.

“Unafukuza mbu, mdogo wangu?”

Pointi ya mwisho niliamua kutoupiga hewani. Niligeuka, nikakimbia mpaka mpira ukawa mbele yangu, nikausubiri udunde na kushuka usawa wa kiuno, ndipo nikauinua juu kuliko wake. Dada aliutafuta juani, akaupoteza.

“Chukua na viatu vyangu,” alisema. “Hivyo vyako vitatuaibisha Kisarawe.”