Vikombe Vinane vya Uji

Siku niliyopokelewa chuoni Lindi walinipa ufunguo wa chumba, godoro lenye harufu ya mtu aliyenitangulia, na kijitabu cha kanuni za kuishi hosteli. Nikasaini kwamba nimekisoma kabla sijakifungua, kama walivyofanya wote waliokuwa kwenye foleni. Nilikuja kukisoma baadaye, jioni baada ya jioni, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuongea naye. Hairuhusiwi kupika chumbani. Hairuhusiwi mgeni kubaki bwenini baada ya saa kumi na mbili jioni. Hairuhusiwi kupigilia misumari ukutani, kufuga mnyama wala kuanika nguo dirishani. Mimi sikuwa na mgeni wala paka, na nguo zangu zilikuwa chache. Miezi ile ya mwanzo nadhani hakuna mwanafunzi aliyezishika kanuni kama mimi, na sikustahili sifa yoyote kwa hilo.

Mwenzangu wa chumba alikuja siku ya kwanza, akatandika shuka la maua, akaniaga kwa heshima na kwenda kuishi kwa dada yake mjini. Shuka lile lilikaa limenyooka muhula mzima. Kuna asubuhi moja nililisalimia, nikajicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekesha.

Mimi natoka Somanga, na Somanga ni kijiji cha barabarani. Mabasi ya Dar es Salaam na Lindi yanapita mbele ya mlango wetu, na tangu nikiwa mdogo nimezoea kulala kwa kelele za malori na kuamka kwa kelele za wauza samaki wa kukaanga wakigombea madirisha ya basi. Kimya cha hosteli hakikuwa kimya hasa, maana kulikuwa na redio na vicheko nyuma ya kila mlango. Lakini milango yenyewe ilikuwa imefungwa, mchana kweupe, na kwetu mlango haufungwi mchana ila kuna mgonjwa au kuna ugomvi. Nilichukua muda mrefu kuamini kwamba watu wote wale walikuwa wazima na hawajagombana.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nyumbani kwetu mwanamume hafuturu ndani. Jua likianza kushuka, baba hutandika mkeka mbele ya nyumba, karibu kabisa na lami, na mama hupitisha vyombo kutoka uani. Uji wa pilipili manga humiminwa vikombeni kabla adhana haijalia, na vikombe siku zote ni vingi kuliko sisi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukimkaribisha mtu halafu ukaanza kumtafutia kikombe, atajiona anawasumbua, atasema ameshashiba hata kama tumbo linamlilia. Lakini akikuta kikombe kimeshamiminwa na kinatoa mvuke, anajua hicho ni chake na kwamba alikuwa anasubiriwa. Madereva wa malori wamekaa kwenye mkeka ule, na mapadri wawili ambao gari yao ilipasuka tairi, na watu wengi ambao hatukuwahi kuwajua majina. Baba hakuwa na maneno mengi ya kualika. Alisimama tu, akamshika mtu kifundo cha mkono, akamkalisha.

Chuoni Waislamu hatukuwa wachache, ila kila mmoja alifuturu kivyake. Wengine walishuka misikitini mjini, wengine walipanga foleni kwa muuza chipsi, wengine walijifungia vyumbani na simu zao. Mimi nilifuturu nimekaa kitandani, tende na maji, nikitazama shuka la maua. Kila jioni mama alipiga simu na kuuliza, "Mmefuturu nini huko?" Ule wingi wake ulinichoma. Nilimjibu kwamba tumefuturu vizuri, alhamdulillahi, nikaacha abaki na wingi wake.

Mama yangu akisikia watu wanafuturu hawezi kukaa mikono mitupu. Katikati ya mwezi alipika, akafunga kapu, akamkabidhi kondakta wa basi la Lindi. Nilipolipokea stendi nilijua kwa uzito tu kwamba hajapika kwa ajili ya mtu mmoja. Kulikuwa na vitumbua, mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga na tende, na chini kabisa, ndani ya kanga, vikombe vinane vya plastiki. Alijua mwanafunzi huwa ana kikombe kimoja. Kwenye simu akaniambia, "Hivyo ni vyako na wenzako. Tokeni nje mfuturu kama watu."

Hapo lazima niseme kuhusu tangazo. Wiki chache nyuma maji yalikuwa yamekatika bwenini, na wanafunzi wakajazana kwenye baraza la chini kupiga kelele mpaka viongozi wa chuo wakatoka ofisini. Maji yakarudi, lakini ukutani kukabandikwa tangazo: mkusanyiko wowote barazani bila kibali cha mshauri wa wanafunzi ni kosa la kumtoa mtu hosteli. Nililisoma kama nilivyosoma kila kitu. Kutolewa hosteli kwangu lilikuwa jambo la kutisha, kwa sababu vyumba vya mjini vilihitaji kodi ya miezi kwa mkupuo na nyumbani korosho za msimu ule zilishauzwa zote kunileta chuo. Lakini sikuona tangazo lile linanihusu nini. Mkusanyiko unahitaji watu.

Basi jioni ile nilichukua mkeka niliotoka nao nyumbani, ambao tangu nifike ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango, nikautandika kwenye baraza la chini, mahali ambapo kila anayetoka maktaba lazima apite. Nilikuwa nimenunua uji kwa mama mmoja nje ya geti, ndoo ndogo yenye mfuniko. Nikapanga vyombo. Nikamimina vikombe vyote vinane.

Watu walipita. Sitaki mtu adhani walikuwa wabaya. Niliwaambia karibu, wakanijibu asante, starehe, na kwa desturi za huko wanakotoka hayo yalikuwa majibu ya adabu kabisa. Karibu yangu waliichukua kama salamu. Kijana mmoja mrefu alisimama, moyo wangu ukaruka, akainama akaniuliza kitumbua ni shilingi ngapi. Nilipomwambia siuzi, aliona haya, akaomba radhi, akaondoka haraka kuliko wote. Wawili waliokuwa wamefunga walinyoosha mikono kuonyesha mifuko ya chipsi, yaani wao wameshajipanga. Adhana ikalia kutoka mjini. Nikafungua kwa tende moja, nikanywa kikombe kimoja, nikaendelea kusema karibu. Nilijua ninachokosea. Baba angesimama akamshika mtu mkono. Mimi sikuthubutu kumshika mtu nisiyemjua, kwa hiyo nilikaa pale na maneno yangu, na utando ukaanza kushika juu ya uji kwenye vile vikombe saba. Kama kuna siku nimejisikia mpweke kupita kiasi, ni ile. Chumbani angalau hakukuwa na vikombe vya kunihesabia waliokosekana.

Wadeni, yaani msimamizi wa bweni letu, alikuwa bwana mtaratibu aliyetembea na tochi hata kabla giza halijaingia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akautazama mkeka kwa muda. Akauliza wenzangu wamekimbilia wapi. Nikamwambia sikuwa na wenzangu. Akamulika kikombe kimoja kimoja, akatoa simu, akapiga picha. Nilimwambia karibu. Nilikuwa namaanisha, na hata leo naamini kama angekaa akanywa, tungeelewana. Akasema yuko kazini.

Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Walikuwa watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mwalimu wa kike wa makamo, sauti yake ya upole, aina ya mtu ambaye ningetamani awe shangazi yangu. Alinionyesha picha. Kusema kweli kwenye picha ile mkeka ulipendeza. Ulionekana mkeka wa watu walioondoka sasa hivi na watarudi. Akanieleza kwamba chuo hakina tatizo na futari, tatizo ni kibali, na kwamba nikiwataja niliokuwa nao adhabu itapungua sana, pengine jambo liishe kwa onyo.

Nilimwambia, "Mwalimu, nilikuwa peke yangu."

"Na vikombe hivi vyote ulimmiminia nani?"

"Yeyote atakayepita."

"Nani alipita?"

"Walipita wengi," nikasema. "Hakuna aliyekaa."

Hayo maneno yalinitoka kwa shida kuliko kitu chochote nilichowahi kusema mbele za watu. Nilikuwa nimejiandaa waniambie pole, au wacheke. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Walitazamana kama watu waliosikia uongo usio na ufundi. Wadeni, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema kwa sauti ya kuniheshimu kidogo kwamba kijana anawalinda wenzake. Nikajaribu kueleza habari ya kikombe kinachomiminwa kabla, na barabara ya Somanga, na baba, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana hadithi ya kutunga. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba urafiki ni jambo jema na anaona nina moyo wa urafiki, ila kamati haiwezi kufumbia macho mtu anayekataa kushirikiana nayo. Nilitolewa hosteli kwa muda wote uliobaki wa mwaka wa masomo, kwa kufanya mkusanyiko na kuwaficha walioshiriki.

Habari zilisambaa bwenini kabla sijafika chumbani. Milango ikafunguka. Watu ambao sikuwajua walitoka kwenye korido kunishika mkono, wakaniita mwamba, wakasema mimi si mtu wa kuchoma wenzake. Yule kijana mrefu wa vitumbua alinibebea godoro mpaka getini nilikotakiwa kulirudisha. Alinipiga bega akasema, "Kaka, umekaza. Mtu kama wewe ndiye wa kuwa naye karibu." Nikamtazama nione kama anakumbuka. Hakukumbuka. Alinipa pole na namba ya simu, na nikaitunza ile namba muda mrefu bila kuipiga.

Ilibaki kumwambia mama. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nje ya geti, mkeka magotini, nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamwambia nimetolewa hosteli na ninahitaji chumba mjini. Akauliza kama nimeiba. Nikasema hapana. Akauliza kama ni mambo ya mabinti. Nikasema hapana, nimetolewa kwa kufuturisha watu barazani bila kibali.

Nikamsikia anamwita baba, anamrudia maneno yangu, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayetangaza harusi. Akarudi kwangu akasema kodi nisiwe na wasiwasi nayo, baba ana mbuzi wake. Mtu akifukuzwa kwa kulisha waliofunga, kafukuzwa kwa heri. Kisha akauliza lile alilokuwa akitaka kuuliza tangu mwanzo.

"Walikuwa wengi?"

Niliona wanafunzi wanaingia getini, wawili wawili, watatu watatu.

"Mkeka ulijaa, mama," nikasema.

Akacheka. Akasema kumbe vikombe vinane havikutosha, na niwaambie wenzangu wasione haya kunifuata huko mjini.

Siku mbili baadaye nikiwa nimeshahamia chumba kimoja cha uani chenye dirisha linalotazama ukuta, konda wa basi alinipigia niende stendi. Mama alikuwa ametuma makapu mawili. Nikayabeba mwenyewe, moja kila mkono.