Anarudi, Anarudi, Anarudi

Jamani, nimewahi kuona mwanaume mzima akikimbia jina la mke wake kwenye kompyuta. Msinicheke.

Ilikuwa 2004, Singida Mjini. Nilikuwa napiga mzigo kwenye studio ya bosi Antipasi, enzi hizo picha za dijitali ndiyo habari ya mjini.

Mchana mmoja akaingia Mama Ana kutoka Itigi, na mkwewe Urbano. Ana, mke wa Urbano, alikuwa ametoweka mwaka mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ana alipigwa picha hapa. Naomba nizione zote."

"Moja inatosha," Urbano akadakia. "Ya misa ya marehemu. Alipanda treni, hakuonekana tena. Yameisha."

"Marehemu gani? Umeona maiti? Mimi nataka kujua mwanangu yuko wapi!"

Mama akaangua kilio. Roho iliniuma sana.

Nikazitafuta picha. Bosi alikuwa anazipa jina la mteja na la baba yake, herufi ndogo tupu. Baba yake Ana aliitwa Rudi, kwa hiyo zilikuwa ana rudi 1, ana rudi 2, zinaendelea hivyo.

Sasa balaa: kompyuta yetu ilikuwa ya Linux, na programu ya kuchapisha ikikuta nafasi kwenye jina inadhani ni faili tofauti tofauti. Inagoma. Kubadili moja moja ni kujitesa, nikaandika amri ya kufuta nafasi zote kwa mkupuo:

rename 's/ //g' *.jpg

Nikaita orodha ya picha zake. Skrini ikajaa.

anarudi1.jpg
anarudi2.jpg
anarudi3.jpg

Mungu wangu! Nywele zilinisimama.

Mama akasoma kwa sauti, polepole. "Anarudi... anarudi... anarudi..."

Urbano akageuka, jasho linamtiririka. "Nani kaandika huo upuuzi? Futa!"

"Ni jina lake tu, kaka, nimeondoa..."

"Harudi! Atarudije na nimemfukia mwenyewe?"

Hata yeye aliushangaa mdomo wake.

Akatoka nduki. Nikapiga kelele, wauza kuku waliokuwa nje wakamdaka. Kesho yake akawaonyesha polisi mahali, ndani ya kichaka cha Itigi. Hakukuwa na treni wala nini.

Picha ya mazishi nilimpelekea mama mimi mwenyewe. Aliiweka juu ya jeneza akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Nililia kama mtoto.

Kompyuta haikujua kitu, ndugu zangu. Ila mtu akiwa na haraka ya kumaliza msiba usio na maiti, msimwonee haya. Mbaneni.