Siku Aabo Alipokanyaga Silabi

Sisi tuliosoma Bura miaka ya tisini, Kiingereza kilituingia kupitia miguuni. Mwalimu Wafula, aliyeletwa kwetu kutoka Bungoma, aliandika neno refu ubaoni nasi tukalikata: kila silabi kofi moja, na penye mkazo tunakanyaga kwa kisigino. Sakafu yetu ilikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo somo la Kiingereza lilitimua vumbi kuliko mpira. Sisi Wasomali p ilitushinda, tukaisema b. Yeye naye b ilimponyoka ikawa p. Tulielewana vizuri sana.

Asubuhi moja, nikiwa darasa la sita, Aabo, baba yangu, alikuja kunitoa shule. Ukame ulikuwa umekaza, ngamia wanahamishiwa upande wa Hulugho, na mama alihitaji msichana wa kumsaidia. Nilijua nikienda sirudi. Aabo akasimama mlangoni, akatukuta tunapiga makofi katikati ya vumbi.

"Mwalimu, mtoto yangu nilileta kwa kitabu. Mbona mnabiga ngoma?"

Mwalimu akamweleza kwa adabu kwamba tunatafuta mahali neno opportunity lilipo na mkazo. Tukamwonyesha. Kwa mazoea ya Kiswahili, sote tukakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho: "O-bo-tu-NI-ti!" Mwalimu akashika kichwa.

"Hebu sema wewe," Aabo akamwambia. Mwalimu akalisema mara moja tu. Aabo, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa "yes," akafumba macho, akainua kiatu chake cha tairi, akakishusha kwa kishindo.

"O-bo-TU-ni-ti."

Darasa likalipuka kwa shangwe. Mwalimu akampa mkono kwa mikono miwili.

"Hii ni kama wimbo ya kunywesha ngamia," Aabo akasema. "Ukikosea mahali ya kukanyaga, ngamia hainywi. Sasa maana yake ni nini?"

"Nafasi," Mwalimu akajibu.

Aabo akanigeukia. Kisha akaniambia kwa Kisomali, "Basi kaa uipate, Sahra. Binamu yako atakwenda na ngamia."

Leo wanangu wako Garissa mjini, na kwenye simu wanaandika Kiingereza kisicho na irabu hata moja. Nikiwauliza kinasomwaje, wanacheka: "Mathe, wacha tu." Nakubali, wanakijua kuliko mimi. Ila hakuna mzazi anayeweza kusimama mlangoni akajiunga nao.