Kikombe cha Ba na Mungu wa Alfajiri

Ting! Ndivyo kikombe cha shaba cha Ba kilivyogonga bomba la uani kila alfajiri, kabla hata kunguru hawajaamka. Mpaka leo nikisikia shaba ikigonga chuma nanyoosha mkono, nadhani kuna mtu wa kushikwa.

Ba ndivyo walivyomwita bibi yao, Wahindi wenye duka la vitambaa Moshi mjini. Mimi nilishuka kutoka Marangu na darasa langu la saba, wakaniajiri niwe macho yake, maana mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Asubuhi nilimwongoza hadi uani, nikamgeuza upande wa Himo, jua linakotokea. Aliinua kikombe na kumimina maji polepole mbele ya uso, kwa sababu kwao jua hutazamwa kupitia maji yanayoanguka. Hakuliona tena. Alimimina hivyo hivyo.

Jumamosi jioni kulikuwa na tamthilia kwenye televisheni, ya watu wanaozurura angani na chombo chao. Mimi Kiingereza kilinipita kushoto. Yeye picha ndizo zilizompita. Basi tukagawana.

"Sema, dikri," aliniambia, yaani binti, kwa Kigujarati. "Wamefika wapi?"

"Kwenye sayari ya giza tupu, Ba. Wamemkuta dada mmoja kafungiwa ndani ya kioo. Gauni la manjano, mgongo wote nje. Sijui fundi aliishiwa kitambaa!"

Ba alicheka mpaka akakohoa. "Angekuja dukani kwetu. Hebu nyamaza, wanaongea... Anasema yeye ni mungu wa alfajiri. Wagiriki wa zamani walimjua. Akitoka humo, kutapambazuka."

"Mbona hana hata ndala?"

"Mungu na viatu wapi na wapi! Hata sisi tunaye wa kwetu, kazi yake hiyo hiyo." Akaisogelea televisheni. "Wamemfungulia?"

"Bado, Ba."

Akanishika mkono. "Daktari wa Dar amesema akinipasua, jicho moja litaona, labda. Labda, dikri. Wakinifungua kitambaa nataka nione jua kwanza, uso wa daktari baadaye."

Nyumba nzima ikaondoka naye kwenda Dar, nikaachiwa nyumba na mbwa. Jumamosi niliangalia peke yangu. Midomo ilichezacheza tu. Yule dada bado alikuwa ndani ya kioo, na mimi sikuwa na masikio.

Kisha mwana wa Ba akapiga simu kutoka Dar: kitambaa kitafunguliwa kesho asubuhi.

Niliwatangulia kunguru. Nikavua ndala, nikajaza kikombe. Ting. Maneno yake sikuyajua, na sisi Walutheri hatuna maji ya namna ile, kwa hiyo nilisema tu, "Haya ni ya Ba." Nikageukia Himo, nikangoja mpaka jua likachomoza, nikafumba macho, nikaanza kumimina, halafu nikayafungua taratibu, jua likiwa ndani ya maji.