Nilisema Gari Imekufa

Mke wangu alipigwa barabarani asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka, akienda kazini. Alikuwa mkunga katika hospitali moja ya Ibanda, na tangu vita ya pili ianze alishuka kwa miguu kutoka nyumbani, maana teksi hazikuthubutu kutoka mapema. Watu wawili wenye bunduki walimsimamisha chini ya ukuta wa shule. Walitaka mkoba, akawapa. Walitaka viatu, akawapa. Halafu mmoja wao akampiga kitako cha bunduki begani, bila kumwomba kitu kingine, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Alifika hospitalini peku, ameushika mkono wake kama anayebeba mtoto mchanga, akaanza kumwomba radhi mwenzake wa zamu kwa kuchelewa.

Ndipo nikaanza kutafuta gari. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na kile tulichokuwa tumekiweka kwa ajili ya mabati mapya kingetosha gari dogo la mkono wa pili, kama mwenyewe angekuwa na haraka ya kuuza. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mjane mmoja kule Muhumba. Nilimkuta uani, gari limesimama nyuma yake: jeupe, la milango miwili, fupi kiasi kwamba ukinyoosha mikono unadhani utalikumbatia.

"Sitakuficha, Papa," aliniambia kabla sijauliza chochote. "Bwana yangu alikufia ndani. Walimupiga risasi kwenye njia ya Kamanyola, kule kwenye milima, akiwa anarudi na mihogo. Kiti cha mbele nimekisugua mimi mwenyewe, mara tano. Kama haupendi, uende tu, sitakasirika."

Nilitazama mlango wa dereva. Ulikuwa na matundu mawili, kingo zake zimeingia ndani. Nilipaswa kumpa pole. Badala yake nilimuuliza kama injini ilipata shida.

"Hapana," akasema. "Ile siku yule tuliyemutuma kuifata aliiendesha mupaka hapa, na maiti nyuma."

Nililinunua siku hiyohiyo. Matundu niliyaziba kwa mastiki nikapaka rangi nyeupe, lakini weupe wake haukufanana na ule wa gari. Mke wangu alipoona, ilibidi nimweleze yote. Alikigusa kile kiti, akakikalia kidogo, kisha akahamia cha pembeni na kuuegemeza mkono wake uliofungwa.

"Nimezalisha wamama kwenye vitanda ambavyo watu walikufia asubuhi," akasema. "Endesha."

Nililipenda gari lile kuliko inavyofaa kusema. Kila Jumamosi nililiosha, na jirani yetu alikuja kunisaidia. Alikuwa fundi wa kushona, mtu mzima kunizidi kidogo. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na uzio wa miti tu. Alitushonea vifuniko vya viti kutokana na mabaki ya kitambaa cha bluu cha sare za shule, akakataa malipo. Jumapili yeye na mke wake walikaa nyuma tukaenda misa wote wanne, magoti yake yakinisukuma mgongoni njia nzima. Sikumjua mtu mpole zaidi katika mtaa ule.

Lakini gari pia lilitufanya tuonekane. Mwenye miguu hupita kizuizini kwa kuinamisha kichwa. Mwenye gari husimamishwa. Mara ya kwanza askari alinizaba kofi mbele ya mke wangu kwa sababu kioo kilikuwa kizito na nilichelewa kukishusha. Mara nyingine walipanda watatu na bunduki zao wakaniamuru niwapeleke walikotaka, mtutu mmoja umekaa shingoni mwangu, ukiruka kila tulipopita shimo.

Na siku moja, tukishuka kwenda kazini, teksi iliyokuwa mbele yetu kizuizini ilichelewa kufunga breki. Askari aliinua bunduki. Alipiga risasi kwenye kioo cha mbele, mara tatu au nne, na dereva akaangukia usukani, honi ikaanza kulia bila kukatika. Kisha askari yuleyule akanipungia mkono nipite.

"Simama," mke wangu akasema. "Pengine dereva iko muzima."

Sikusimama. Nilipita kando ya teksi, karibu sana hata nikaona kidole cha yule dereva kikicheza. Tulisikia ile honi mpaka chini. Mke wangu hakunisemesha siku hiyo wala kesho yake.

Halafu ikaja ile wiki ambayo askari waligombania mji wao kwa wao. Mizinga ilianza asubuhi upande wa mpaka wa Ruzizi, na mchana tulikwisha kusikia milango ikivunjwa mtaa wa chini. Jirani mmoja aliyepita mbio akatuambia wanachukua magari yote, na mwenye gari akikataa wanamuua. Nilifungua boneti nikang'oa kidole cha delko. Ni kipande kidogo cha plastiki kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Bila hicho moto haufiki kwenye plagi, na gari linabaki linakohoa tu. Nikakifukia ndani ya gunia la maharage jikoni. Nikapita kwa majirani, mmoja mmoja, nikiwaambia gari imekufa. Hata yule fundi wa kushona nilimwambia hivyo. Nilihofia kwamba akitishwa atasema.

Walikuja siku ya pili, adhuhuri. Walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa mrefu, amevaa koti la kike la mvua juu ya sare.

"Muzee, lete fungulo."

"Imekufa, komanda. Haiwake."

Alijaribu mwenyewe. Gari likakohoa, likakohoa. Wakalisukuma mpaka getini, likakohoa tena. Yule mrefu akashuka, akanitazama, akaniambia nipige magoti. Akaniingiza mtutu kinywani. Ulikuwa wa moto, maana walikuwa wametoka kufyatua risasi, ukaniunguza ulimi. Mke wangu alisimama mlangoni, akatoa sauti yake ya kazini, ile anayotumia na wanawake wanaopiga kelele.

"Imekufa tangu Pasaka," akasema. "Ungekuwa unajua vile mimi natembea kwa miguu, ungetuachia."

Aliutoa mtutu, na jino langu moja likatoka nao. Kwa hasira akavunja kioo cha mbele cha gari kwa kitako cha bunduki. Mwenzake akanipiga mateke ya mbavu mpaka nikajitapikia. Walichukua redio, magodoro na sufuria, wakatoka. Nilibaki chini nikiwaza jambo moja tu, na naliandika hapa kwa sababu ni kweli: nimeliokoa gari.

Kisha nikawasikia kwa jirani. Walitaka cherehani yake. Nilimsikia akiwaambia, taratibu kabisa, kwamba cherehani ndiyo inayomlisha, wachukue vingine vyote. Risasi ilikuwa moja. Baada yake tukasikia kitu kizito kikiburutwa, na mke wake akilia.

Mke wake alipita kwenye uzio, akauangusha. Kanga yake ilikuwa nyekundu mpaka magotini.

"Papa mwalimu, wamemupiga kwenye tumbo. Bado iko anasema. Tupeleke hospitali."

"Gari imekufa, maman," nikasema.

Alinitazama akiwa na imani kamili. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Hakushuku chochote. Akaanza kuuliza nani mwingine ana gari, nani ana mkokoteni, kama tunaweza kung'oa mlango tumbebe juu yake. Mke wangu alikuwa amekwishakimbilia kwao, akamkandamiza jeraha. Mimi nilikwenda kutafuta mkokoteni. Kweli nilikwenda. Nilitembea mtaa ule nikibisha mageti ambayo hayakufunguliwa, huku nikijua gunia la maharage liko wapi. Nilijiambia wale askari bado wako njiani, watatuua wote, na watalichukua gari. Nilijiambia mambo mengi. Pengine ilipita nusu saa.

Niliporudi kwao mikono mitupu, mke wangu aliinua uso, akamwambia yule mama aendelee kukandamiza. Akapita mbele yangu, akaingia jikoni kwetu, akalimwaga gunia lote sakafuni. Akarudi kwa fundi na kile kipande kiganjani, mikono yake ina damu, maharage yamemgandia. Akakiweka mkononi mwangu mbele ya mke wa fundi.

"Kirudishe," akasema.

Hata dakika mbili hazikupita, gari likawaka.

Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mke wake. Mke wangu alijipinda kutoka mbele akazuia jeraha kwa ngumi yake. Niliendesha bila kioo, upepo na vumbi vikinipiga usoni. Barabarani palikuwa na watu wamelala ambao hawakuwa wamelala. Mmoja alikuwa katikati kabisa. Nilijaribu kumkwepa, na gurudumu la nyuma likapanda juu ya kitu. Fundi aliuliza kwa sauti ndogo kama tumefika.

Kwenye njia panda, wale wanne walikuwa wamekaa juu ya magodoro yetu. Yule mrefu aliliona gari, akasimama polepole.

"Kumbe inawaka," akasema.

Alinitoa nje kwa kunivuta kola. Nilifikiri ni hapo nitakapouawa. Mke wangu hakushuka. Alimwambia kupitia pale ambapo kioo kilikuwa: "Huyu ndiye ulimupiga risasi. Nikitoa mukono anakufa. Kama unataka kuua bwana yangu, uue mbio, halafu unipatie mutu wa kuendesha."

Mmoja wa wale askari alikuwa amejeruhiwa pajani, amefungwa shati. Yule mrefu alimtazama mwenzake, akanitazama mimi, akaamua. Wakamweka majeruhi wao mbele, mke wangu akahamia nyuma, akajibana kati ya viti, na yule mrefu akakaa juu ya boneti miguu ikining'inia, bunduki imenielekea, wale wengine wawili wameshikilia milango kwa nje. Hivyo ndivyo tulivyofika hospitalini.

Waliwashusha majeruhi wote wawili. Mke wangu aliingia ndani pamoja nao, ngumi bado iko palepale. Yule mrefu akaninyooshea kidole.

"Wewe baki."

Hakuwa na hasira tena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliniuliza gari lilikuwa na nini. Nikamweleza kuhusu kidole cha delko. Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine. Alisikiliza kama mwanafunzi.

"Ni mukono gani ulikitoa nayo?"

Nilionyesha wa kulia. Akaniambia niuweke juu ya boneti. Nikauweka. Akaupiga kwa kitako cha bunduki mara tatu, bila haraka, akiangalia anapolenga. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Mara ya tatu sikusikia sauti yangu. Kisha akaingia kwenye gari na wenzake wawili, wakapanda kuelekea mjini. Nililitazama likipotea kwenye kona, na katika maumivu yale nilijikuta nasikitika kwamba anavyoendesha atauvunja ule mkono wa gia.

Daktari alinikata vidole viwili na kuninyooshea vilivyobaki. Askari wa paja alipona, akaondoka siku ya nne bila kuaga. Fundi wa kushona alikufa siku ya tatu. Tulimzika tukiwa watu sita, haraka, kwa sababu bado risasi zililia upande wa Kadutu.

Nilimuuliza mke wangu kama ile nusu saa ingemwokoa. Alikuwa anabadilisha bandeji yangu.

"Sijui," akasema. "Utumbo ulikuwa umechanika vibaya. Wengine wanapona hata na vile. Sijui, na usiniulize tena."

Mjane wa fundi hakuja kwetu kwa miezi. Alijenga upya uzio ule, safari hii kwa matofali ya udongo, akibeba mwenyewe. Shule ilipofunguliwa nilianza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama walevi, na wanafunzi wakawa wapole wasicheke.

Mjane alikuja siku moja ya mvua, mchana. Mke wangu alimpa kiti na chai. Alikunywa mpaka nusu, kisha akanigeukia.

"Papa mwalimu, ile siku, ulivyosema gari imekufa. Ulikuwa unawaza nini?"

Mke wangu aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akatugeuzia mgongo. Nilikuwa na jibu nililolitengeneza kwa miezi, kuhusu askari, kuhusu kizuizi, kuhusu kumlinda mke wangu. Lote lilikuwa na ukweli kidogo.

"Nilikuwa nawaza gari," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Aliimaliza chai yake, akasema mvua inapungua, akaomba mke wangu amkopeshe mwavuli. Mwavuli aliurudisha kesho yake, akauacha mlangoni. Tangu hapo tukikutana ananisalimia kwa jina la kazi yangu, anauliza habari ya mkono, nami najibu kwamba unaendelea. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo.