Kwenda Ukweni Fizi na Sufuria Yangu

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya uvumi. Neema, msichana niliyemchumbia familia yao ilipokuwa ukimbizini upande wetu wa ziwa, alikuwa amerudi Fizi, ng'ambo ya ziwa, na wazazi wake. Huko mtu akawaambia kwamba mimi nakonda, naharisha, sina muda mrefu. Enzi zile mtu akikonda, watu walikuwa wameshajua anaumwa nini. Baba yake akatuma neno: posa isimame kwanza.

Kukonda nilikonda kweli. Lakini daktari wa Dar es Salaam alinipima mpaka ndani ya utumbo, akaniambia ni siliaki: mwili wangu haupatani na ngano wala shayiri, hata chenga iliyobaki kwenye mwiko. Dawa hakuna, ila kuacha. Nikaacha mkate, chapati na maandazi, na mashavu yakaanza kurudi. Basi nikaona niende mwenyewe, wanione. Nikafunga nguo, zawadi za wakwe, na sufuria yangu ndogo ambayo haikuwahi kuingia ngano.

Ziwani tulisafiri kwa boti ya mizigo, katika moja ya vile vipindi ambavyo vita ilipumzika na wafanyabiashara wakathubutu kuvuka. Mama mmoja muuza vitenge, niliyekuwa nimemwambia niendako, alinimegea chapati yake. Nikamshukuru, nikakataa. Akanikagua juu mpaka chini.

"Kaka, chapati ya bure unaikataa? Basi wewe kweli unaenda ukweni, adabu umeianzia huku ziwani!"

Katika mji wa Baraka, ng'ambo, nilifikia kwa shangazi yangu, Mama Asende, ambaye huuza maandazi sokoni unga unapopatikana. Nilipomweleza ugonjwa wangu alipiga makofi.

"Kumbe ni vile tu? Huku ngano ni ya kubahatisha. Utakula bugali ya mihogo, sombe ya majani yake na samaki. Njo chakula yetu hiyo!"

"Njo" yao ni "ndiyo" yetu. Nilifurahi, nikala mikebuka, samaki wa ziwani wa kukaanga, mpaka nikalamba vidole. Kabla jua halijazama tumbo lilikuwa limejifunga kama kamba ya mzigo. Kesho yake nilishinda nikikimbilia chooni. Shangazi akaja mlangoni ameshika karai, uso umemshuka.

"Ni mafuta, mutoto yangu. Nilikaangia mandazi asubuhi, kisha samaki mule mule."

Hakuwa amefanya kosa; kila mpishi hufanya hivyo. Ila nilivyojitazama kwenye kioo, macho yamezama, nilijua siwezi kwenda ukweni na sura ile. Nikabaki Baraka mpaka nikapata nguvu, yeye akinipikia kwa mawese mapya ndani ya sufuria yangu, na akimfukuza kila aliyeikaribia na kijiko.

Njia ya kwenda Fizi inapanda milima, nami nilipanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, nikishuka kusukuma kila mlima ulipokaza. Kwenye kizuizi wanajeshi walitusimamisha. Mmoja akaitoa sufuria, akaigonga, akachungulia ndani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupikia, mukubwa."

"Na unaenda wapi?"

"Ukweni."

Wakaangua kicheko. "Muone huyu! Anaenda kwa bakwe na sufuria yake! Batamufukuza!" Wakatupitisha bila kutudai kitu. Sikuwahi kupita kizuizi kwa furaha namna ile, ingawa utabiri wao ulinikaa rohoni njia nzima.

Fizi nilipokewa kwa heshima kubwa, na heshima yenyewe ilikuwa sahani ya maandazi. Mama yake Neema alikuwa ametoa kuku wake ili abadilishane na unga wa ngano ulioletwa na wachuuzi wa mji wa Misisi. Wakaniwekea mbele yangu, bado ya moto. Baba mkwe akanawa mikono, akangoja nianze.

Sikuanza. Baba mkwe akaisogeza sahani karibu yangu zaidi.

"Uko unaogopa tutakupatia sumu?" akauliza taratibu.

Kama ningekula, ningeugua mbele yao na uvumi ungethibitika. Kama ningekaa kimya, ningekuwa nimewaita wachawi.

"Hapana, baba. Siogopi mikono yenu. Ngano njo inanikondesha. Munipikie bugali ya mihogo, nitakula mpaka museme basi."

"Bugali?" mama mkwe akashangaa. "Mugeni wa mbali tumupe bugali tu?"

Neema alikuwa amekwisha simama. Akauliza jambo moja: "Mwiko uliogusa unga ni upi?" Akauweka kando, akaosha mikono, akachukua sufuria yangu. Mama yake akamfuata jikoni, nikamsikia akiuliza tena na tena: na chekeche? na kinu? na kile kisu? Bugali ikaja, na lengalenga, yaani mchicha, na samaki wa kuchemsha. Nilikula. Nikaongezewa, nikala tena. Maandazi yakaliwa na majirani waliokuja kunitazama.

Walinibakiza siku kadhaa, bila kusema kwamba wananichunguza. Kila asubuhi baba mkwe alinipeleka shambani na kunitazama nikilima. Siku ya kuondoka alinishika bega.

"Batu banasema unakufa. Weye unamaliza mihogo yangu! Kamata bibi yako, lakini umwache mpaka barabara itulie."

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, ingawa nilibeba unga wa mihogo ambao mama mkwe aliutwanga katika kinu alichokisugua mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: kusema kabla sahani haijafika, na kuuliza habari za mafuta. Na kwamba chakula ambacho watu huona aibu kumpa mgeni, ndicho kilichoniponya. Kisha vita ikarudi, barabara ikafungwa, nikangoja. Neema alifika Kigoma masika yaliyofuata, amechoka, viatu vimekatika. Nikamuuliza anataka kula nini kwanza.

"Mkate," akasema, huku akicheka. "Lakini nitaulia nje."